Kitufe Kilichobaki Wazi

Kabla ya matangazo kwenda hewani, mtangazaji lazima apimwe sauti, na swali la kumpimia ni lile lile miaka nenda miaka rudi: asubuhi umekula nini? Fundi wala hana haja na jibu. Anachotaka ni mtu aongee anavyoongea siku zote, ili yeye apandishe hapa na kushusha pale mpaka sauti ikae sawa. Wengine hujibu chai na mkate, wengine hujibu upuuzi mtupu, na fundi huitikia vyema, vyema, huku akiwaza mambo yake.

"Asubuhi umekula nini, Mtangazaji?" Masikio aliuliza, kidole kikiwa kwenye kitufe cha kuongelea.

Yeye alikuwa kwenye kibanda cha mafundi, nyuma kabisa ya ukumbi, mbele ya meza ya sauti iliyojaa vitufe na taa ndogondogo. Mtangazaji alikuwa upande wa pili, karibu na jukwaa, ndani ya kijumba cha vioo, hedifoni kichwani. Katikati yao watu walikuwa wakitafuta viti. Mashindano ya kwaya yalikuwa yaanze baada ya muda mfupi, na redio ilikuwa iyarushe moja kwa moja mwanzo hadi mwisho.

"Sijala kitu," sauti yake ikamjia masikioni, ya chini na ya karibu mno. "Leo chakula hakipiti. Kuna mtu nasubiri jibu lake, na mtu huyo badala ya kunijibu ananipima sauti. Inatosha, fundi, au niendelee?"

Masikio alitazama huku na huku, ingawa alijua vizuri kuwa maneno ya kupimia hayafiki kokote zaidi ya hedifoni zake. "Inatosha. Sauti iko sawa."

"Sauti iko sawa. Mwenye sauti je?"

Masikio alijifanya kuna waya unamsumbua, akainama chini ya meza, na alipoinuka Mtangazaji alikuwa ameshageuza uso kwenye karatasi zake.

Sasa mwanamume huyu, tusimwonee, hakuwa mwoga wa kila kitu. Alikuwa akipanda juu ya vyuma vya jukwaa kufunga spika huku wenzake wakifumba macho. Jina la Masikio alipewa kazini kwa sababu alisikia vitu ambavyo wengine hawakuvisikia: waya uliolegea, feni iliyoanza kuchoka, mwimbaji anayetaka kupata mafua wiki ijayo. Masikio alimpenda Mtangazaji kwa masikio kabla hajampenda kwa macho. Kabla hawajazoeana hata kusalimiana kwa kicheko, alikuwa ameshajua anavyovuta pumzi kabla ya sentensi ndefu, na anavyotabasamu katikati ya habari ya hali ya hewa, maana tabasamu nalo husikika ukilijua. Yeye Mtangazaji alimpenda kwa kuwa katika kazi ile ya watu kupayukiana, huyu alikuwa akimwambia tatu, mbili, moja kwa upole kama anayemwamsha mtu usingizini.

Tatizo lilikuwa moja, na lilikuwa na cherehani.

Dada yake Masikio ndiye aliyemlea. Wazazi walipofariki yeye alikuwa bado mtoto, dada msichana tu, na dada akaketi kwenye cherehani hakuinuka tena. Alishona sare za wanafunzi wa mtaa mzima mpaka mdogo wake akamaliza chuo cha ufundi. Wachumba walikuja, akawaambia wasubiri kidogo. Wakasubiri, wakachoka, wakaoa kwingine. Kwa mtu wa namna hiyo unaanzaje kusema kwamba moyo wako umemwangukia mwanamke aliyekupita umri, aliyeachika, mwenye mtoto wa kike anayeanza shule?

Masikio hakuanza. Miezi ilipita hajaanza. Mtangazaji alivumilia, akavumilia, mpaka redio ilipomtaka ahamie tawi jipya katika mji wa mbali na kumpa mpaka leo, mwisho wa matangazo, awe ametoa jibu. Jana walipokuwa wakikunja nyaya alimwambia mpenzi wake bila kupandisha sauti:

"Mimi niliachwa mchana kweupe, watu wakiona. Safari hii nataka kupendwa mchana kweupe, watu wakiona. Mwambie dada yako. Ukimwambia, nabaki. Matangazo yakiisha bado hujamwambia, nahama, na wala sitakulaumu."

Basi jana usiku Masikio alikaa mezani na kufungua mdomo. Dada akamwekea kwenye sahani pande la nyama lililo zuri kuliko yote. Masikio akaufunga.

Mashindano yakaanza. Kwaya ya kwanza ilikuwa ya watoto, wengi kupita walivyotarajiwa, na wadogo zaidi walisogea mbele wakaacha maiki zao nyuma. Masikio alihitaji mikono yote miwili mezani, na wakati huo huo amhesabie Mtangazaji aingie hewani. Kitufe cha kuongelea hukishikilia ukiwa unasema na kukiachia ukimaliza, lakini ukikibonyeza mara mbili upesi kinabaki wazi chenyewe, maiki ndogo ya mezani ikimpelekea mtangazaji kila neno la kibandani, taa nyekundu ikiwaka pembeni. Ni njia ya mkato ambayo mafundi wote huitumia, na wote hukatazana wasiitumie. Alikibonyeza mara mbili.

"Tatu, mbili, moja," alisema, na Mtangazaji akaingia hewani na ile sauti yake ya kukaribisha wageni. Masikio alikuwa anarudisha mkono akifunge kitufe, mlango wa kibanda ukafunguka.

Alikuwa dada yake. Amevaa gauni la kutokea, mkononi chombo cha chakula, na hakuwahi hata siku moja kukanyaga kazini kwa mdogo wake. Alifunga mlango, akaweka chakula sakafuni, akasimama kati ya meza na dirisha, hivyo kijumba cha vioo kikafichika nyuma yake.

Masikio aliondoa hedifoni sikio moja. "Dada? Kuna nini nyumbani?"

"Nyumbani hakuna kitu. Hakuna kitu wala mtu. Nimekuletea chakula."

Alimnong'oneza kuwa yuko hewani, amsubiri mpaka mapumziko. Dada alijibu kwamba ya kusubiri ameshayamaliza. Nyumbani kila akianza mazungumzo, mdogo wake anakumbuka waya wa kwenda kuchomelea. Hapa angalau amefungwa na meza yake, hana pa kukimbilia. Mtaani wanasema, sokoni wanasema, na lisemwalo lipo. Yeye alichotaka ni kusikia kwa mwenye mdomo.

"Kusikia nini?" aliuliza Masikio, mkono mmoja ukishusha maiki ya kinanda.

"Usinifanye mtoto. Huyo aliye kwenye vioo hapo nyuma yangu."

Masikio aligeukia vitufe vyake. Katika sikio lililobaki na hedifoni, Mtangazaji alikuwa akiwaeleza wasikilizaji jinsi mwalimu wa kwaya alivyojipinda mwaka mzima na watoto wale.

"Simchukii," dada aliendelea. "Simjui, nitamchukiaje? Lakini ameachwa na mumewe, ana mtoto, na wewe amekupita umri, akizeeka utakuwa unamshika mkono kuvuka barabara. Mwenzako alitoka katika nyumba hiyo, wewe ndiyo unaingia. Kwa nini alitoka, umeuliza? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mdogo wangu. Mimi na wewe mezani tunakaa wawili tangu miguu yako haijafika chini. Wawili tu. Sijawahi kukukatalia kitu. Sasa niambie, huyo ni mchumba wako au si mchumba wako?"

Jibu alikuwa nalo. Amekuwa nalo miezi yote hiyo, amelala nalo na kuamka nalo. Lakini alimtazama usoni yule aliyemnunulia viatu vya kwanza, na ulimi ukamsaliti.

"Tunafanya kazi pamoja, dada. Basi."

Katika hedifoni, Mtangazaji aliacha kuongea.

Redioni kimya ni balaa. Sekunde moja watu wanadhani unameza mate, ya pili wanadhani umeme umekatika. Kisha akaendelea, akamtaja mwalimu wa kwaya tena, jina lile lile alilokwisha kulitaja, na pumzi akaivuta mahali pasipo pake, katikati ya neno. Walio majumbani hawakushtuka. Masikio alishtuka. Sauti ile aliijua kuliko yake mwenyewe, na sasa ilikuwa sauti ya mtu anayezuia kilio kwa nguvu zote huku akitabasamu kwa ajili ya kazi. Akadhani ni hitilafu. Akakagua waya wa kwanza, wa pili, macho yakateremka mezani yakakutana na taa nyekundu.

Alielewa yote kwa mara moja: la kuachwa limemfika Mtangazaji, la mtoto limemfika, la kushikwa mkono kuvuka barabara limemfika. Angeweza kuzivua hedifoni, lakini mtangazaji akivua hedifoni anabaki gizani, hajui aingie lini wala anyamaze lini. Kwa hiyo amekaa kwenye vioo mbele ya ukumbi mzima, anawasifu watoto wa watu, huku akisemwa ndani ya masikio yake mwenyewe. Na neno la mwisho alilolisikia halikuwa la dada. Lilikuwa "basi".

Kidole kilikwenda kwenye kitufe. Kubonyeza mara moja tu, taa izimike, yaishe. Lakini akifunga sasa, atakuwa amefunga na neno hilo likiwa la mwisho. Aliurudisha mkono, akavuta maiki ndogo ya mezani karibu na mdomo.

"Dada," alisema. "Nimekudanganya sasa hivi. Si kazi tu. Nampenda. Jana nilitaka kukwambia, ukaniwekea nyama nikashindwa. Kwa nini mumewe alitoka, nilimuuliza, akaniambia, na hayo ni yake ya kukueleza akipenda. Mtoto wake ananiita mjomba. Mimi nataka siku moja aniite baba. Nataka kumwoa, dada, na nataka uwepo, na sitaki kuchagua kati yenu kwa sababu sitaweza."

Dada alifungua mdomo. Mdogo wake akainua mkono kumwomba amalizie.

"Na jambo jingine. Anatusikia. Kitufe hiki nimekisahau wazi tangu ulipoingia, kosa ni langu. Kila ulichosema kimemfika, na kila nilichosema mimi."

Dada alikitazama kitufe, akaitazama taa, akaweka kiganja mdomoni. Kwa muda alikuwa kama msichana aliyefumaniwa akisengenya.

"Hata la barabara?" alinong'ona.

"Hata la barabara."

"Kizime."

Alikizima. Mtangazaji hewani aliwaambia wasikilizaji kuwa kwaya inayofuata ina wimbo mrefu na kwamba watulie wausikilize. Masikio alipochungulia pembeni ya dada yake, kijumba cha vioo kilikuwa kitupu.

Mtangazaji alifika kwa kupita kando ya ukuta, nyuma ya viti, hedifoni zikining'inia shingoni na waya wake ameukunja mkononi. Macho yalikuwa mekundu lakini poda ameshaitengeneza. Watangazaji wako hivyo, hata wakifa watataka kwanza kujitazama kwenye kioo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," dada alijibu kwa mazoea, akikitazama chombo cha chakula.

Kisha Mtangazaji akamgeukia Masikio. Walitazamana kwa namna ambayo dada aliona vyema aangalie ukutani. "Nikuulize moja tu," alisema. "Kitufe kingekuwa kimefungwa, ungesema?"

Mtu angetegemea mwanamume aape hapa, na Masikio alitamani kuapa. Lakini mbele yake walikuwa wamesimama wanawake wawili wanaomjua kwa undani, na njia ya mwongo ni fupi.

"Sijui," alisema. "Labda jioni. Labda kesho. Labda ningeahirisha tena mpaka ukaondoka. Uliponyamaza ndipo nilipoona jinsi itakavyokuwa nikikukosa, na sikuweza."

"Uliposema basi, nilishaamua," Mtangazaji alisema. "Nilijiambia, nikishuka hapa nakwenda kuwaambia nahama. Halafu ukaongea. Hukuapa, na hata sasa hujaapa. Afadhali." Akamfuta jasho la paji la uso kwa kidole gumba, mbele ya dada, mchana kweupe. Mkono wa Masikio uliokuwa juu ya meza ya sauti nusura umzimie sauti mwimbaji wa watu.

Kisha akavuta kiti akaketi mbele ya dada, magoti yakikaribia kugusana.

"Dada, hayo ya kuachwa nimeyazoea, hata mama yangu mzazi huyasema. La umri ni kweli, sina la kujitetea. Lakini kuna jambo ulilisema, na huyu hakulisikia."

"Nimesema mengi," dada alijibu kwa aibu. "Mengine ni hasira tu."

"Ulipoingia alikuuliza kuna nini nyumbani. Ukasema hakuna kitu wala mtu. Baadaye ukasema mezani mnakaa wawili. Ukarudia, wawili tu. Mimi nilikuwa natangaza lakini sauti yako ilikuwa humu ndani ya masikio yangu, na hapo ilibadilika. Huyu wanamwita Masikio, na bado lilimpita."

Dada alianza kunyoosha mkunjo wa gauni ambao haukuwepo. Masikio alimtazama, na miaka yote ile ya sahani zilizofunikwa zikimsubiri ilimjia kwa pamoja. Aliona aibu iliyompanda mpaka shingoni. Alikuwa amehesabu lawama za dada yake moja moja, hakuhesabu kitu kingine chochote.

"Jioni nikifunga cherehani," dada alisema hatimaye, taratibu, akimwambia Mtangazaji na si mdogo wake, "najua kuna mtu atarudi. Hata akichelewa, najua. Nakaa napasha chakula, nakipasha tena. Akiondoka huyu, nitafunga cherehani halafu nifanye nini?" Machozi yalimtoka, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, aliyakasirikia.

Mtangazaji alimshika mkono. Hakumwambia anyamaze. Alimweleza kuwa hana mpango wa kumhamisha mtu, na hata angetaka hana pa kumweka, maana chumba chake kimejaa midoli mpaka mlangoni. Alimweleza habari za binti yake, jinsi anavyokaa kwa jirani jioni mama akiwa kazini, amekaa kwenye ngazi na mkoba wa shule hataki kuingia ndani.

"Ana mimi na bibi aliye mbali," alisema. "Shangazi hana. Hajawahi kuwa naye."

Dada alivuta pumzi kwa pua. "Anakula?"

"Anachagua."

"Wanachagua kwa sababu mnawaachia." Sauti ya cherehani ilianza kumrudia. "Kwangu hakuna kuchagua. Kesho mlete. Na wewe uje, tuongee kama watu, hayo ya leo hayahesabiwi. Huyu akitaka aje, asipotaka abaki na nyaya zake."

Masikio alisikiliza kwaya, akasikia walipofika. "Umebaki ubeti mmoja," alisema.

Mtangazaji aliinuka, akavaa hedifoni, akasawazisha nywele. Alipompita Masikio aliinama sikioni kwake. "Nikimaliza, nakwenda kuwaambia sihami," alimwambia, akatoka kwa haraka, mlango nyuma yake ukabaki nusu wazi na vigelegele vya ukumbi vikajaa kibandani.

"Wifi," dada aliita.

Mtangazaji alisimama pale pale. Katika ndoa ile ya kwanza alikuwa na mawifi watano, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwita hivyo ila kwa kumsuta. Aligeuka polepole, hana hakika kama ni yeye anayeitwa.

Dada alikuwa amekaa kwenye kiti cha mafundi, anajifuta macho kwa ncha ya mkono wa gauni.

"Funga mlango," alisema. "Kelele zinaingia, na mdogo wangu yuko kazini."